Umbali kutoka Mdomo wa Duara la Baba Shija

Miaka yangu ya mwisho kazini, kila asubuhi kabla ya chai, niliiuliza mashine swali moja ambalo jibu lake nilikuwa nalijua. Kutoka mdomo wa duara la Baba Shija hadi mwanzo wa njia yake ya chini, ni umbali gani? Jibu sahihi ni sifuri. Duara ni shimo la mchimbaji wa dhahabu, na mdomo wake ndio mwanzo wa njia. Mtu hashuki kwa kamba hapa akatua kijiji cha pili. Wenzangu walinicheka, wakasema Mama Kabula ana maombi yake ya asubuhi. Niliwaacha wacheke, kwa sababu iko siku jibu halikuwa sifuri, na vijana wa Baba Shija walikuwa chini ya ardhi wakati huo, na jirani yao alikuwa na kibali chetu mkononi cha kulipua baruti.

Nawaandikia ninyi mnaokalia viti tulivyoviacha. Vyeo sitavitaja. Kwangu vilikuja kama mvua ya Shinyanga, kwa kuchelewa na upande ambao hakuna aliyepanda. Nitasema habari za kurejesha hifadhidata, kazi ambayo kila mtu anadhani anaijua mpaka aombwe kuifanya mbele ya watu.

Nilianza Ibadakuli, katika jengo la bati lililokuwa ghala la pamba. Mpaka nastaafu, nyuzi nyeupe zilikuwa bado zinateremka kutoka kwenye kenchi na kutua juu ya kibodi. Ofisi ilikuwa ya chama cha wachimbaji wadogo. Kazi yetu ilikuwa kutunza ramani ya maduara: mdomo uko wapi, njia ya chini inaelekea wapi, nani anapakana na nani. Ukichimba bila ramani unatobokea kwa jirani. Wachimbaji huliita jambo hilo mtobozano, na mtobozano ukishatokea wanaume hawaamkiani tena, wanashikana.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Ndaki, mtu wa Maganzo, mrefu, mwenye koti lile lile la kahawia masika na kiangazi. Alianza kwa kuwabebea wapima ardhi vyombo, akajifunza kupima, kisha akajifunza kompyuta akiwa tayari ana mvi. Siku ya kwanza nilimkuta anafuta vumbi kwenye seva kwa brashi ya viatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuhifadhi data unajua?"

"Najua."

"Hilo silitaki. Kuhifadhi hata panya anajua, tazama karanga zangu. Chukua tepu hii, nirudishie ramani kwenye ile mashine tupu pale."

Nilihangaika hadi saa ya chakula. Tepu ilizunguka, ikalia, ikanyamaza. Haikuwa na kitu. Mzee Ndaki alikuwa anajua.

"Tepu hii," akasema huku akiifuta kwa kiganja kama anampapasa ndama, "imesifiwa katika taarifa ya kila mwezi tangu inunuliwe. *Bakapu imekamilika salama.* Aliyeandika hivyo alipandishwa cheo."

Hapo ndipo nilipojifunza dharau, na sijaiacha. Naidharau taa ya kijani. Naidharau sentensi "zoezi limekamilika." Wauzaji wa mitambo nawadharau pia, wale wanaokuja na vipeperushi vya rangi kututembeza kwenye picha za wingu, lakini ukiwaomba wafute mashine moja na kuirudisha ukiwa unatazama, wanakumbuka kwamba wana safari. Ninyi siwadharau, msije mkaniogopa. Aliyekosea akasema nimekosea, huyo nilimkalisha kwenye kiti changu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Twende polepole, si gumu.

Hifadhidata ikija kutoka kwa watengenezaji wake inajua majina na namba. Haijui ramani. Ili ijue umbali na mipaka unaipachika kiongezo, yaani furushi la kanuni zilizoandikwa na watu wengine. Ukishakipachika, unaweza kuuliza nani anapakana na nani, ukajibiwa.

Sisi tulikuwa na tatizo letu. Midomo ya maduara tuliipima kwa vifaa vya satelaiti. Njia za chini zilikuwa zimepimwa kwa namna ya zamani, kwa kamba na darubini ya mpima, kuanzia kwenye nguzo za saruji zilizosimikwa enzi za mkoloni. Vipimo hivyo viwili havikubaliani. Ukiviweka pamoja bila kuvisuluhisha, njia zote za chini zinahama kwa umbali wa kama viwanja vitatu vya mpira. Kiongezo kilikuwa na kanuni ya kusuluhisha, ila kwa nguzo zetu haikufaa. Mzee Ndaki alizunguka kwa pikipiki kutoka nguzo hadi nguzo, akapiga hesabu, kisha akarudi akaketi, na kabla ya jioni kila njia ilikuwa imeshikana na mdomo wake. Tulimpigia makofi. Nilijua amerekebisha. Sikujua amerekebishia wapi.

Alikuwa amekifungua kiongezo chenyewe, ndani ya hifadhidata iliyokuwa ikifanya kazi, na kuibadilisha kanuni ya wenyewe papo hapo.

Wengi wenu hamkufundishwa hili vyuoni. Unapochukua nakala ya hifadhidata, kilichomo ndani ya kiongezo hakichukuliwi. Linachukuliwa jina lake tu. Nakala inaandika: *hapa kuna kiongezo fulani.* Siku ya kurejesha, mashine mpya inasoma jina, inakwenda kwenye rafu yake, inatoa kiongezo kipya cha kiwandani, inakipachika. Na hailalamiki, kwa sababu kwa upande wake haijakosea.

Waendesha pikipiki wa Masumbwe wanaobeba mawe ya dhahabu mnawajua. Hakuna hata mmoja anayepanda pikipiki kama ilivyotoka dukani. Anachomelea keria ya nondo, anaongeza springi, anafunga shokapu za gari. Sasa pikipiki iibwe, na aliyeandika mali zako awe ameandika neno moja tu: pikipiki. Utaletewa mpya, inang'aa, ya aina ile ile. Hakuna aliyekudhulumu. Ipakie viroba vya mawe uone itafika wapi.

Mzee Ndaki alistaafu, akarudi Maganzo kwenye mbuzi wake. Akaja mkurugenzi mpya wa mifumo, ambaye nitamwita Bwana Asilimia, kwa kuwa hakuna taarifa yake iliyoishia chini ya mia. Alivaa tai kwenye joto la Oktoba. Alipenda neno "wadau."

Lazima niwaeleze aliyoyakuta. Kwenye machimbo yetu, kabla ya kulipua, kulikuwa na desturi ya rimu. Kila duara lilikuwa na rimu ya lori imening'inizwa kwenye nguzo. Anayetaka kulipua anagonga rimu yake, anasubiri. Jirani akishawatoa watu wake anagonga ya kwake. Usipojibiwa, hulipui, hata jua lizame. Ni kazi ya polepole na ya makelele, na wakati mwingine jirani mliyekosana naye anakusubirisha makusudi.

Bwana Asilimia aliionea rimu aibu. Akaelekeza kwamba mfumo wetu ndio utatoa vibali: mchimbaji anaomba, ramani inaangalia kama kuna njia ya mtu karibu, kama hakuna, kibali kinatoka. Hakuna haja ya kugonga vyuma kama watu wa kale. Alikwenda kulieleza jambo hilo kwenye semina hotelini Mwanza na akarudi na mkoba wenye nembo. Niseme haki: mfumo ulifanya kazi vizuri, mradi kanuni ya Mzee Ndaki ilikuwa humo. Rimu zikageuzwa matumizi. Nyingine ziliuzwa chakavu. Ya Baba Shija ikawa ya kuitia watu ugali.

Kisha ikaja radi. Hakuna cha kueleza hapo, mnaijua radi ya huku. Seva ilikufa, diski zikafa nayo. Mashine mpya ikaletwa, nakala ikarejeshwa na vijana wa kampuni iliyopewa kazi, na asubuhi iliyofuata mfumo ulikuwa hewani, taa zote za kijani. Bwana Asilimia alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe wa pongezi.

Nami nikauliza swali langu, kutoka mdomo wa duara la Baba Shija. Sikuwa nimelichagua kwa sababu yoyote ila niliwahi kusimama pale mwenyewe, nikaona kwa macho yangu kamba inapozama. Mzee Ndaki alinifundisha hivyo: usiiulize mashine ina mistari mingapi, iulize kitu ulichokikanyaga.

Jibu likaja: umbali wa viwanja vitatu vya mpira.

Nikaenda mlangoni kwa mkubwa.

"Shikamoo, Mama Kabula," akasema. Alikuwa na adabu, hilo simnyimi.

"Marahaba. Sitisha vibali vya kulipua."

"Idadi ya mistari haiko sawa?"

"Iko sawa."

"Kuna kosa lolote lililoandikwa wakati wa kurejesha?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Duara la Baba Shija lina mdomo bila koo. Njia yake imehamia kaskazini."

Akatabasamu kama mtu anayezungumza na shangazi yake. "Labda wamechimba nyingine."

"Wamechimba nyingine jana, wakaifukia ya kwanza, na mashine ikajua bila kuambiwa na mtu?"

"Mama, tusiwatie hofu wadau. Tumerejea asilimia mia. Andika hoja yako, tutaijadili kwenye kikao."

Nilirudi mezani. Sikuandika hoja. Nilifungua vibali vilivyotoka asubuhi ile, na cha juu kabisa kilikuwa cha Mzee Hamisi, jirani wa Baba Shija. Ramani ilikuwa imemwambia hakuna njia ya mtu karibu naye. Mimi nilijua njia ya Baba Shija inapita ubavuni mwa duara lake, ukuta kwa ukuta. Kibali kilikuwa cha kulipua asubuhi hiyo hiyo.

Nilimpigia Mzee Hamisi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Na ndivyo inavyotakiwa: karibu na baruti simu zinazimwa, ni sheria yetu wenyewe, nami niliwahi kuipiga chapa. Nikampigia Baba Shija.

"Mwangaluka, mayu!" akaitikia kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Baba Shija, vijana wako wapi?"

"Chini. Wapo mwisho wa njia, tumekuta mwamba unacheka, dhahabu inaonekana kwa macho."

"Watoe. Hamisi analipua."

"Hamisi? Hajagonga."

"Hagongi tena, tulimwambia asigonge. Ana kibali chetu, na kibali ni kibovu. Watoe."

Nikamsikia anapiga kelele juu ya mdomo wa duara, kisha akarudi kwenye simu, pumzi juu. "Hawasikii. Wanatumia mashine ya kutobolea. Nikimtuma mtu ashuke mpaka afike kule..."

"Gonga rimu."

"Rimu ni ya ugali siku hizi, Mama Kabula."

"Basi waite waje wale!"

Akaiacha simu juu ya jiwe bila kuikata. Nikasikia chuma. Ndugu zangu, nimesikia kwaya, nimesikia ngoma za Bulabo, sijasikia mlio mtamu kama ule. Chuma juu ya chuma, juu ya chuma, kama mtu aliyerukwa na akili. Mlio wa rimu unashuka na ardhi yenyewe, unaingia kwenye matimba yanayoshikilia njia, hata aliye mwisho kabisa anausikia kwenye meno.

Kisha mlio ukakoma, nikangoja na simu sikioni. Halafu sauti ya kijana, ikija karibu, imejaa hasira:

"Mbona mapema hivi? Ugali wenyewe uko wapi?"

Na mwingine nyuma yake: "Nimeacha mwamba unacheka kwa ajili ya sufuria tupu! Mzee, unatutania?"

"Mko wote?" akauliza Baba Shija.

"Tuko wote, tunadai mboga."

Hapo ndipo baruti ya Hamisi ilipolia. Niliisikia kwenye simu, nzito, kama gunia linaloangushwa chumba cha pili. Hakuna aliyedai mboga tena. Baadaye waliposhuka na taa walikuta mwisho wa njia haupo. Palikuwa na kifusi, na mpini wa nyundo umechomoza.

Mzee Hamisi alipoambiwa aliketi chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Kisha akainuka, akakodi pikipiki hadi Masumbwe, akarudi na rimu ya lori.

Jioni nilimpigia Mzee Ndaki, nikamweleza yote. Nyuma ya sauti yake nilisikia mbuzi.

"Mama Kabula, niliibadilisha ndani ya kiongezo."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ilikuwa haraka. Na ilifanya kazi."

Nampenda mzee yule, ndiyo maana sitamficha. "Ilifanya kazi" ni msemo ninaoudharau kuliko taa ya kijani. Vibaya vyote nilivyokutana navyo vilikuwa vimefanya kazi kwanza. Lakini angalieni tofauti. Mzee Ndaki alipanda basi asubuhi yake, akaja na hesabu zake kichwani, tukazunguka tena nguzo kwa nguzo, yeye amekaa nyuma ya pikipiki na koti lake la kahawia. Bwana Asilimia aliandika taarifa kwamba "changamoto ndogo ya kimfumo ilibainika na kutatuliwa." Changamoto ndogo! Walikuwa wanaume wanne, na mmoja wao mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Safari hii tuliijenga kazi inavyostahili, nanyi mnaweza kuifanya kesho, haihitaji fedha wala mtaalamu wa kutoka mbali. Hatukuigusa kanuni ya kiongezo. Tuliandika kanuni yetu, kwa jina letu, nje ya kiongezo, na njia zote za chini zikaelekezwa kwake. Kitu chako kikikaa nje, nakala inakichukua kizima kama inavyochukua data yako. Na kama mabadiliko yenu ni makubwa hata yanahitaji kuwa kiongezo, basi yatengenezeni kiongezo chenu, chenye jina lake na namba ya toleo, na mafaili yake yasafiri pamoja na nakala, si kubaki kwenye diski ile ile inayongoja radi. Yako pia majedwali yanayokuja na kiongezo. Mkiongeza mistari yenu humo, nakala huiacha, isipokuwa mwenye kiongezo aliandika kwamba ichukuliwe. Msiamini kwamba aliandika. Rejesheni muone.

Na mkitaka kujua kama kuna mtu amewahi kuchokonoa kiongezo kabla yenu, pachikeni kipya kwenye hifadhidata tupu, mvilinganishe viwili hivyo, kanuni kwa kanuni. Ni kazi ya mchana mmoja. Inachosha macho. Haijawahi kumchosha mtu kama kifusi.

Halafu rejesheni. Kila wiki, kwenye mashine nyingine, mpaka muone uvivu. Mtakapoona uvivu ndipo mtakuwa mmejua kazi. Chagueni swali ambalo jibu lake mmelikanyaga kwa miguu yenu. Msinakili langu.

Desturi ya rimu ilirudi bila mtu kuitangaza. Mfumo bado unatoa vibali, na mwenye kibali bado anagonga, anasubiri. Bwana Asilimia aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama hiyo haioneshi kwamba watu hawauamini mfumo wetu. Nikamwambia ndiyo, inaonesha hivyo, na wao ndio wenye akili.

Waliponiaga walifanya sherehe uani, pale Ibadakuli, chini ya turubai la kukodi. Keki ilikuwa na picha ya kompyuta iliyofanana na jokofu. Bwana Asilimia alisimama akasema kwamba katika miaka yote ya Mama Kabula ofisi hii haikupoteza mstari hata mmoja wa data. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu ni kweli. Siku ile ya Baba Shija hakuna mstari uliopotea. Yote ilikuwepo, imehesabiwa, na mashine ikaapa kwamba wanaume wanne wako mahali ambapo hawakuwapo.

Nilipopewa kisu niliomba kwanza kitu kimoja. Rehema, aliyekirithi kiti changu, alete ile mashine ya kurejeshea, aiweke mezani kando ya soda, aiulize. Wageni walidhani ni mchezo. Rehema akachapa, akasoma kwa sauti: "Kutoka mdomo wa duara la Baba Shija hadi mwanzo wa njia yake ya chini: sifuri."

Nyuma kabisa alisimama Baba Shija mwenyewe, ametoka Masumbwe alfajiri, koti limembana tumbo.

"Binti yangu," akamwambia Rehema, "hiyo ni mashine yenyewe inayofanya kazi, au ni nakala iliyorejeshwa?"

"Ni nakala ya jana, Baba. Nimeirejesha leo asubuhi."

"Wabeja," akamshukuru, akakaa. "Basi kateni keki."